Mstari Uleule, Maktaba Nyingine: Uhakiki wa Ujenzi Uliogoma

Ripoti ambayo kompyuta huitoa ujenzi wa programu unapogoma ni matini yenye muundo, msimulizi na mpangilio wake wa wakati, na anayeipitia kwa pupa ili apate mstari mmoja wa kunakili huacha sehemu kubwa ya kile inachokisema. Nataka kuisoma ripoti moja ya aina hiyo polepole, jina kwa jina na nukta kwa nukta, nikimchukulia msomaji kuwa mwenzangu aliyezoea kukaa na matini ngumu mpaka ifunguke. Nimeichagua hii kwa sababu imetokana na programu iliyokulia Afrika Mashariki, na kwa sababu badiliko lililoizua halionekani popote katika msimbo ulioanguka. Mstari uliovunjika haukuguswa na mtu. Ulibaki herufi kwa herufi kama mwandishi wake alivyouacha, ila maktaba iliyokuwa ikiupa maana ilikuwa imetoa toleo jipya.

Programu yenyewe ni OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliobuniwa kuanzia mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, na mpango wa afya wa AMPATH wa Eldoret, Kenya, ambako ulianza kutumika mwaka 2006. KenyaEMR na UgandaEMR zimejengwa juu yake. Umbo lake ni la kiini na moduli: kiini kinashika mambo ya msingi, yaani mgonjwa, ziara na vipimo, na kila hitaji la ziada huandikwa kama moduli inayopachikwa juu. Kila moduli hubeba faili fupi iitwayo config.xml, ambamo hutangaza toleo la kiini inalolihitaji na moduli nyingine ambazo haiwezi kusimama bila hizo. Kiini nacho hakisimami peke yake. Kwa mazungumzo yake na hifadhidata kinaitegemea Hibernate, maktaba ya lugha ya Java iliyoanzishwa na Gavin King mwaka 2001. Maktaba hiyohiyo imo ndani ya DHIS2, mfumo uliotungwa Chuo Kikuu cha Oslo ambao Wizara ya Afya ya Kongo huutumia kukusanya takwimu za zoni za afya, ya mji wa Kabalo ikiwamo. Kwa hiyo maneno nitakayoyachambua hayako mbali na Kabalo kama yanavyosikika.

Nadharia yetu ya fasihi ina dhana iliyo tayari kwa hali hii, nayo ni mwingilianomatini: hakuna matini inayozaliwa pasipo nyingine. Hata hivyo dhana hiyo inahitaji kunyooshwa kidogo inapovushwa kuingia katika msimbo. Mshairi anayeazima mstari wa Muyaka bin Haji huazima kitu kilichokwisha kutulia; Muyaka hawezi kuamka kesho akaubadilisha, na shairi jipya likaanguka vina. Mtunga programu huazima kutoka kwa mwandishi aliye hai, anayeendelea kuandika, na asiyemjua. Huu ni mwingilianomatini hai, ambamo nukuu haikatiki kutoka kwa chanzo chake. Kila moduli ya OpenMRS inapojengwa upya inarudi kuuliza chanzo kinasema nini leo, na ripoti ya kugoma ni kumbukumbu ya jibu lisilotarajiwa.

Tuutazame mstari wenyewe: sessionFactory.getCurrentSession(). Una majina mawili yaliyounganishwa na nukta na kumalizwa kwa mabano matupu. Jina la kwanza ni la mtoaji, kitu kinachogawa vikao vya mazungumzo na hifadhidata. La pili ni ombi la kupewa kikao kilicho wazi sasa hivi. Mabano matupu yanaonyesha kwamba ombi halina sharti wala nyongeza. Ni kishazi safi, kinachosomeka hata na asiyeijua Java vizuri, na kimerudiwa katika moduli baada ya moduli kama kibwagizo, kwa sababu hakuna kazi yoyote na hifadhidata isiyoanza nacho. Lakini usafi huo umepatikana kwa kunyamaza: kishazi hakitaji jibu litakuwa la aina gani. Mwandishi hakulazimika kulitaja, kwa kuwa kikusanyi, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, kililijua kwa niaba yake na kuliandika mahali asipopaangalia.

Katika mfululizo wa tatu wa Hibernate, jibu la ombi hilo lilikuwa la aina iitwayo org.hibernate.classic.Session. Aina hiyo ilikuwa tawi la org.hibernate.Session ya kawaida, lililoongezewa vitendaji (kazi zinazoitwa kwa jina, kama getCurrentSession) vya mfululizo wa pili vilivyokuwa vimekwisha kuachwa, ili waliokuwa na programu za zamani wahame bila taabu. Mwaka 2011 ukaja mfululizo wa nne, na daraja hilo likaondolewa. Tangu hapo ombi lilelile hurudisha org.hibernate.Session, yaani aina mama. Kwa mantiki ya kibinadamu hakuna aliyedhulumiwa: aliyekuwa akitumia vitendaji vya kawaida anavikuta vyote, na aliyetaka vya kale alikuwa ameonywa miaka mingi. Naona hapa jambo linalostahili kutazamwa kwa makini. Kilichowekwa kurahisisha uhamaji wa kwanza ndicho kilichouzuia uhamaji wa pili, na kiliuzuia hata kwa wale ambao hawakuwahi kugusa kitendaji chochote cha kale.

Sasa ripoti. Chombo kinachojenga moduli za OpenMRS ni Maven, na Maven ina mtindo wa kusimulia usiochanganyika na wa mwingine. Kila mstari huanza na lebo ndani ya mabano ya mraba inayomtambulisha msemaji: mmoja anaarifu, mwingine anaonya, wa tatu anashtaki. Kwa muda mrefu anasikika anayearifu peke yake, kwa sauti bapa, akitaja faili anayoishusha, hatua anayoingia, jaribio analolianza. Uradidi huu una kazi ya kifani, kwa maana unajenga mazoea, na jicho la msomaji likishazoea, mstari wa kwanza wa mshtaki unagonga kwa nguvu bila kuhitaji kivumishi chochote. Kisha huja mstari mrefu wa vistari, maneno mawili ya herufi kubwa BUILD FAILURE, na mstari mwingine wa vistari. Hukumu imetolewa. Baada yake hufuata muda uliotumika, saa ya kumalizika, na maelekezo ya namna ya kuomba maelezo zaidi.

Ushahidi wenyewe hupangwa kwa mbinu rejeshi. Simulizi la Java la hitilafu huanza na tukio la mwisho, lililo karibu zaidi na uso wa programu: jaribio fulani limeshindwa. Chini yake hushuka ngazi za miito, kila moja ikitaja nani alimwita nani, hadi simulizi linapokatika na maneno Caused by, na hapo ngazi mpya huanza kwa sababu ya ndani zaidi. Huenda ikafuata nyingine, na nyingine, na kila safari msimulizi anaporudi nyuma huyaacha yale aliyokwisha kuyasema kwa kuweka nukta tatu na idadi ya mistari iliyofupishwa. Chimbuko liko chini kabisa. Lugha ya Python huchagua mpangilio ulio kinyume: huanza na mwito wa mbali na kuteremka mpaka kwenye tukio lenyewe, ili jambo la karibu zaidi liwe la mwisho kusomwa. Mipangilio yote miwili inatetewa, lakini athari zake zinatofautiana. Ule wa Java unamtaka msomaji avumilie kuondolewa maana mara kadhaa: kila anapodhani amefika kwenye sababu, anaambiwa iko nyingine chini yake. Taharuki hiyo haikutafutwa na yeyote, ila ipo, na anayeacha kusoma kwenye sababu ya kwanza hurekebisha kisichokuwa kibovu.

Akishuka mpaka mwisho, msomaji wetu anakutana na mstari huu: java.lang.NoSuchMethodError: org.hibernate.SessionFactory.getCurrentSession()Lorg/hibernate/classic/Session;, na hapo ndipo penye utajiri wote wa matini hii. Baada ya jina la hitilafu, mstari umegawanyika vipande viwili kwenye mabano matupu, na vipande hivyo vimeandikwa kwa tahajia mbili. Kabla ya mabano majina yametenganishwa kwa nukta, kama yalivyo katika msimbo anaouandika mtu. Baada ya mabano yametenganishwa kwa mikwaju, yametanguliwa na herufi L kubwa iliyobandikwa bila nafasi, na kufungwa kwa nukta-mkato. Hiyo ndiyo tahajia ya msimbo-baiti, lugha anayoisoma mtambo wa Java: L inatangaza kwamba kinachofuata ni jina la aina ya kitu, nukta-mkato inatangaza kwamba jina limeisha. Mshono kati ya tahajia hizi mbili ni mahali ambapo mtu na mtambo wanakutana katika mstari mmoja, na mshono huo haukufichwa.

Kipande cha pili ndicho kinachotoa habari. Kile ambacho kishazi asilia kilikinyamazia, aina ya jibu, sasa kimetajwa kikamilifu, maana kikusanyi kilikuwa kimekiandika siku ile ya kwanza na mtambo umekuwa ukikibeba tangu hapo. Kwa mtambo, jina la kitendaji halikamiliki kwa herufi zake na mabano yake. Jibu lake ni sehemu ya utambulisho wake. Ripoti basi haisemi kwamba hakuna kitendaji kiitwacho getCurrentSession. Inasema hakuna chenye jina hilo na jibu hilo kwa pamoja. Msomaji wa haraka husimama kwenye mabano, hufungua maktaba, hukiona kitendaji kikiwa mahali pake, na huamini kwamba kompyuta imesema uongo. Kompyuta imesema kweli iliyo kamili zaidi ya msimbo wenyewe, kwa sentensi ambayo nusu yake haikuandikwa kwa ajili ya macho yetu.

Kuna umbali mwingine ambao ripoti inauchora bila kuutolea maelezo. Hatua ya ukusanyaji ilipita salama. Moduli inayojengwa ilisomwa upya dhidi ya Hibernate ya nne, kikusanyi kikaandika aina mpya ya jibu, na hakuna kilicholalamika. Kilichoanguka kwenye hatua ya majaribio ni moduli nyingine, ambayo ya kwanza inaitegemea, iliyokwisha kukusanywa zamani dhidi ya Hibernate ya tatu na kuhifadhiwa ghalani ikiwa faili iliyofungwa. Ndani ya faili hiyo lile ombi bado linangoja jibu la aina iliyofutwa. Kwa hiyo wahusika ni watatu: anayejenga leo, aliyejenga zamani, na aliyeibadilisha maktaba. Kila mmoja, akipimwa peke yake, hana kosa. Msimbo wa wa kwanza ni sahihi, wa pili ulikuwa sahihi ulipokusanywa, na wa tatu alisafisha alichokwisha kutangaza kwamba kitaondoka. Hitilafu imo katika uhusiano, na sioni aina nyingine nyingi za matini zinazoweza kuuonyesha mgongano wa namna hii bila kumzulia mmoja uovu.

Mkaazi wa Kabalo ana mfano wa jambo hili mbele ya macho yake, stesheni. Kampuni ya reli ya CFL ilifikisha njia yake kutoka Kabalo hadi ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita 273, mwaka 1915, na reli hiyo ilikuwa na upana wa milimita 1,000. Upande wa kusini, reli iliyotoka Rhodesia na kufika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ilikuwa na upana wa milimita 1,067. Kwa miongo kadhaa mitandao hiyo miwili haikugusana, na tofauti hiyo haikumsumbua mtu. Ilipoamuliwa kuiunganisha Kamina na Kabalo, kazi iliyokamilika mwaka 1956, njia ya CFL ilibidi ipanuliwe kufuata kipimo cha kusini. Jina la njia halikubadilika, wala majina ya stesheni, wala bonde la Lukuga ambalo treni hulifuata kwenda Kalemie. Kilichobadilika ni milimita 67 ambazo hazimo katika ratiba yoyote lakini zimo katika kila ekseli. Behewa lililoundwa kwa kipimo cha kwanza lingeweza kusimama stesheni ileile, likiwa na kibao kilekile cha mwisho wa safari, na lisiweze kusogea. Ng'ambo ya ziwa, reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ilibaki na milimita zake 1,000, na kwa hiyo fukwe mbili zilizokuwa zimelingana zikaacha kulingana, kwa uamuzi ambao kwa upande wa Kabalo ulikuwa na mantiki yote. Tanzania nayo ina mshono wake huko Kidatu, ambako tangu mwaka 1998 shehena huhamishwa kati ya reli ya mita moja na ile ya TAZARA yenye milimita 1,067.

Mfano huu unafaa kwa kuwa unaonyesha namna kipimo kisichotajwa kinavyoweza kuwa ndicho kinachobeba uhusiano wote. Lakini una mpaka. Kampuni moja ilimiliki njia, mabehewa na karakana, na iliweza kuamuru vyote vibadilishwe kwa mpango mmoja. Moduli za OpenMRS zina wenyewe waliotawanyika katika nchi nyingi, wengine wakiwa wamekwisha kuhamia kazi nyingine, na hakuna wa kuwaamuru wote wazikusanye upya kwa pamoja. Jumuiya hiyo ilihitaji umbo la kiuandishi litakaloishi na vipimo viwili kwa wakati mmoja, na yaliyopatikana ni maumbo mawili yanayostahili kulinganishwa.

La kwanza lilijitokeza ndani ya moduli zenyewe. Badala ya kukiita kitendaji moja kwa moja, mwandishi humwuliza mtoaji, wakati programu inaendeshwa, kama anacho kitendaji chenye jina hili. Akikipata hukitekeleza na kulipokea jibu kama Session ya kawaida. Jina peke yake ndilo linalotumika, bila aina ya jibu, na kwa hiyo msimbo uleule uliokusanywa mara moja unafanya kazi juu ya Hibernate ya tatu na ya nne. Kishazi kimoja kimekuwa aya nzima, kikifuatiwa na mistari ya kushughulikia yale yanayoweza kwenda mrama. Maelezo mafupi juu ya aya hiyo husema wazi kwamba inashughulikia tofauti za Hibernate 3 na 4, na nauheshimu uwazi huo. Udhaifu wake ni kwamba kikusanyi kimenyang'anywa usomaji. Kitendaji kikibadilishwa jina kesho, kikusanyi kitapita kimya, na hitilafu itangoja mpaka mgonjwa yuko mbele ya karani.

Umbo la pili ni DbSessionFactory, mpatanishi aliyewekwa ndani ya kiini cha OpenMRS. Moduli haimwulizi tena mtoaji wa Hibernate. Inamwuliza huyu, naye ndiye anayejua ni Hibernate ipi iliyo chini yake. Kwa macho, tofauti kati ya mstari wa zamani na mpya ni jina la mtoaji tu. Kwa muundo, tofauti ni kubwa: utegemezi umehamishwa kutoka kwenye jina ambalo jumuiya haina mamlaka nalo kwenda kwenye jina inalolimiliki. Gharama yake inaonekana mtu anapoifungua DbSession, kikao kinachotolewa na mpatanishi huyo, akakuta vitendaji vya Session ya Hibernate vimerudiwa kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikimkabidhi kazi aliye nyuma yake. Ni usomaji mkavu. Hata hivyo nauona uradidi huo kuwa wa thamani kuliko werevu wa umbo la kwanza, kwa sababu unaweka mahali pamoja, panaposomeka, kila ahadi ambayo moduli zinaitegemea. Maktaba ikibadilika tena, hapo ndipo panapopaswa kubadilishwa.

Kuna migomo mingine yenye sifa zaidi duniani, na mmojawapo siwezi kuupita. Tarehe 22 Machi 2016, Azer Koçulu, baada ya mgogoro kuhusu jina la kifurushi kimoja, aliondoa vifurushi vyake vyote 273 kutoka ghala la npm, ghala kuu la lugha ya JavaScript. Kimojawapo kilikuwa left-pad, kitendaji cha mistari 11 kinachoongeza nafasi au sifuri upande wa kushoto wa neno mpaka litimize urefu unaotakiwa. Vifurushi mashuhuri, Babel ikiwamo, vilikitegemea kupitia vifurushi vingine, na ujenzi ukagoma kila kona ya dunia kwa saa kadhaa, hadi wasimamizi wa ghala walipokirudisha. Ripoti ya mgomo huo ni duni kifani ikilinganishwa na ile tuliyoisoma: namba 404, jina la kifurushi, na taarifa kwamba hakimo ghalani. Hakuna ngazi za kushuka wala sababu ndani ya sababu. Kutoweka kabisa hakuzai simulizi. Kubadilika kidogo ndiko kunakolizaa. Pengine ndiyo maana mgomo wa left-pad ulieleweka na wote siku ileile, ilhali migomo ya mfano wa Hibernate humtesa mtu mmoja mmoja, kwa siku nyingi, kila mahali kivyake. Mwaka uliofuata kazi ya left-pad iliingizwa katika lugha yenyewe, ikiitwa padStart.

Kinachoniondolea utulivu katika ulimwengu huo wa npm ni alama moja, ile kofia ndogo ^ inayotangulia namba ya toleo katika tangazo la utegemezi. Namba ina sehemu tatu: ya kwanza hupanda ahadi zinapovunjwa, ya pili zinapoongezwa, ya tatu kasoro zinaporekebishwa. Kofia husema: nipe toleo hili au lolote litakalofuata, mradi sehemu ya kwanza isibadilike. Ni kauli ya imani iliyoandikwa kwa alama moja, na anayeiandika mara nyingi hakuichagua, kwa maana chombo humwekea. Januari 2022 Marak Squires alitoa toleo jipya la maktaba yake ya colors lenye mzunguko usio na mwisho, na miongoni mwa namba alizotumia ilikuwamo 1.4.1, iliyotanguliwa na 1.4.0 iliyo njema. Kwa kanuni ya namba hilo lilikuwa rekebisho dogo, kofia zikalipokea, na programu zikaanza kumwaga herufi zisizosomeka. Namba ya toleo ni kauli ya mwandishi juu ya nia yake, na alama ya kofia huisoma kauli hiyo kama ushahidi.

Maven kwa kawaida huandika toleo kamili na hivyo huepuka kosa hilo, lakini ina mlango wake wa pembeni: neno SNAPSHOT mwishoni mwa namba, linalotangaza kwamba toleo bado linaandikwa na laweza kubadilika bila namba kubadilika. Kwa desturi Maven hurudi ghalani kila siku kuangalia kama lipo jipya. Mahali penye intaneti ya kudumu tabia hiyo haionekani. Kabalo, ambako mtu hununua mega kwa hesabu, ujenzi uliokamilika jana unaweza kugoma leo kwa sababu umeomba kitu ambacho haukukihitaji. Na si lazima hata maktaba ibadilike. Tarehe 15 Januari 2020 Ghala Kuu la Maven liliacha kupokea maombi yasiyosimbwa, na kila faili ya zamani iliyokuwa na anwani inayoanza na http badala ya https ikajibiwa kwa namba 501. Herufi moja ilipungua katika anwani, na miradi ambayo haikuguswa kwa miaka ikashindwa kujijenga. Uamuzi ulikuwa wa haki, kwa kuwa njia isiyosimbwa humruhusu mwovu kubadilisha maktaba ikiwa safarini, lakini aliyehifadhi msimbo wake akidhani amehifadhi programu aligundua siku hiyo kwamba alikuwa amehifadhi nusu.

Umbo linalojibu sehemu ya haya kwa uaminifu ninaouamini ni faili-kufuli. Yarn, chombo kingine cha vifurushi vya JavaScript, ilikuja na lake mwaka 2016 na npm ikafuata mwaka 2017. Ni orodha ndefu, isiyo na mvuto, ya kila kifurushi kilichotumika kweli, pamoja na vile vilivyoletwa na vingine: toleo halisi pasipo kofia, anwani kilikotoka, na alama-hakiki inayothibitisha kwamba yaliyomo hayajabadilishwa hata kwa herufi moja. Tangazo la utegemezi linasema tunachokubali. Faili-kufuli linasema tulichotumia. Watunzi wengi huliona kama takataka ya mashine na kulifuta wanapotaka msimbo uonekane safi. Mimi naliona kuwa sehemu ya matini yenye uzito sawa na msimbo, kwa kuwa bila hilo hakuna wa kuthibitisha kwamba tunajadili programu ileile.

Kwa hiyo naomba jambo mahususi kwa wenzangu wanaojenga mifumo itakayotumika Kabalo, Kongolo, Nyunzu na Manono. Taja toleo kamili la kila maktaba, na usiache SNAPSHOT katika chochote kitakachofika kituo cha afya. Hifadhi faili-kufuli pamoja na msimbo, mahali pamoja. Kama unatumia Maven, ijaze folda ya .m2 ukiwa Kalemie au Lubumbashi penye mtandao, ibebe kwenye flashi pamoja na mradi, na ujaribu kujenga kwa alama ya -o, inayoizuia Maven kutoka nje, kabla ya kupanda treni. Ujenzi ukigoma hata baada ya hayo, usiisome ripoti nusu: shuka mpaka kwenye Caused by ya mwisho, na kwenye mstari huo usisimame kwenye mabano.